Watu hawajamaliza kuzika, nasi tucheze?

Swali limetoka Ndosho, Goma:

"Jambo Mwalimu. Tuko vijana kumi na wanne: wengi wa kwaya moja, watatu ni maskauti, mmoja anajua sarakasi. Tangu vita viingie mjini tunakaa tu nyumbani. Tunataka kuandaa alasiri moja ya nyimbo, vichekesho, ngoma na mashairi kwa majirani na kwa wadeplase, wale waliokimbia vita makwao, waliobaki kwa jamaa zao hapa mtaani. Baba mmoja wa kanisa alitugombeza: watu hawajamaliza kuzika, nyinyi mnataka kucheza? Je, ana haki? Kuna watu waliowahi kufanya hivi vitani, au ni wazimu wetu peke yetu? Na kama inawezekana, tuanzie wapi? Hatuna hata franga moja."

Dada yangu, nianze na huyo baba, maana msipomalizana naye, hata mkipata jukwaa la mbao na bafle mbili za sauti, watu watakuja wamenuna.

Ana haki nusu. Nusu hiyo naijua kwa kuumia. Juni 2004, zile siku za risasi zilipopita hapa Bukavu, kikundi chetu cha Kadutu kiliita watu katika ukumbi wa parokia. Tulikuwa na haraka ya kuwafurahisha. Tukafungua na dansi, ile ya kiuno, na kabla wimbo haujafika katikati, mama mmoja wa safu ya tatu akasimama, akafunga kitenge chake vizuri, akatoka. Mwanawe alikuwa amezikwa Alhamisi. Sisi tulicheza Jumamosi. Kutoka kwao hadi ukumbini si hatua mia mbili, na katika sisi wote hakuna aliyejua. Jioni shemeji yake akaja kutugombeza. Nilipomaliza kuomba msamaha nikamwuliza, sasa tungefanyaje? Nilingoja aseme tusingecheza kabisa. Akasema: "Mngekuja kuuliza, ningewaambia mngoje Jumatatu."

Hiyo Jumatatu sijaisahau mpaka leo. Mwenye msiba hakutukataza. Alitaka kuulizwa.

Ila pale baba anaposema kilio na ngoma haviketi pamoja, hapo amejisahau mwenyewe. Kilio chetu lini kimewahi kuwa kimya? Kwaya inaimba usiku kucha, kuni zinawaka, chai inapita, na ikifika saa tisa ya usiku lazima atokee mjukuu mmoja wa kuiga namna marehemu alivyokuwa anadai madeni yake, watu wacheke hadi machozi yachanganyike na yale ya mwanzo. Huyo baba mwenyewe ameimba katika vilio hivyo, na nina hakika amecheka.

Kwa hiyo msiende kubishana naye. Gaweni mtaa, wawili wawili, mpige hodi katika kila avenyu mnayotaka watu wake waje. Swali ni moja tu: hapa kuna kilio? Palipo na kilio kipya mnakaa, mnatoa pole, mnapokea maji mkipewa, ndipo mnauliza siku. Kazi hiyo itawachukua siku tatu au nne, na ni sehemu ya onyesho kama vile wimbo wa kwanza ulivyo. Mtashangaa kitu kimoja: nyumba zenye msiba mara nyingi ndizo zinazowapa mtoto wa kuimba.

Kuna hadithi ya kweli ambayo huwa nawapa wazee wa aina yake. Mwaka 1993, vita vya Yugoslavia vikiwaka, watoto wa shule moja ya Barcelona, Uhispania, walikuwa wakiandikiana barua na watoto wakimbizi waliokuwa kambini huko Istria, Kroatia. Watoto wa kambini wakawaandikia kwamba wanachokikosa zaidi ni kucheka. Watoto wa Barcelona wakachanga pesa, wakamtafuta mchekeshaji mmoja wa sarakasi anayejulikana kwa jina la Tortell Poltrona, wakamtuma. Kutokana na safari hiyo likazaliwa shirika la wachekeshaji wanaokwenda penye vita hadi leo. Wazee hawakuwa na wazo hilo. Waliokuwa wamepoteza nyumba zao ndio walioagiza kicheko.

Sasa kuhusu wazimu. Mna wenzenu wengi, ila tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila mara. Kuna burudani ya askari na kuna burudani ya raia kwa raia. Ile ya askari ina ofisi, magari na mishahara. Uingereza iliunda shirika la ENSA mwaka 1939, makao yake yakawa katika jumba la maonyesho la Drury Lane, London. Marekani ikafuata na USO mwaka 1941. Walikuwamo wasanii wakubwa kabisa, lakini ENSA ilituma vikundi vingi mno hata askari wakazipa zile herufi nne maana yao wenyewe: "Every Night Something Awful", yaani "kila usiku balaa fulani". Naomba mkumbuke utani huo siku mtakapoogopa kwamba hamwimbi vizuri. Watu hawamsamehi mgeni aliyelipwa akiwachosha. Jirani yao akikosea noti, wanaimba naye mpaka airudie.

Ya raia kwa raia haina ofisi. London ilipoanza kupigwa mabomu Septemba 1940, watu walishuka kulala katika stesheni za treni za chini ya ardhi. Usiku mmoja mwishoni mwa mwezi huo walihesabiwa wakawa kama 177,000. Kulikuwa na kikundi kiitwacho Unity Theatre, watu wa kawaida tu, mchana wako kazini, jioni wanaigiza bila malipo. Wao wakashuka humo chini na nyimbo na vichekesho vyao. Uone huo ukumbi: pazia hakuna, treni bado zinapita, bibi amelala kwenye blanketi ambapo ungetaka kusimama, na mtoto wa mtu analia. Aliyeimba humo alikuwa na usingizi uleule na woga uleule wa aliyesikiliza. Tofauti yao ilikuwa dakika nne za kusimama.

Hilo ndilo ninalotaka mlishike kuliko yote nitakayosema. Msijifikirie kama kikundi kinachowapelekea wadeplase burudani. Mkianza hivyo mtakuwa kama shirika lingine tu lenye fulana za rangi moja, na watu wa Goma wameyaona mashirika. Wamefundishwa kunawa mikono kwa michezo ya kuigiza hadi mikono ikachoka. Msiwe na ujumbe. Mkiwa vijana kumi na wanne, nendeni mkatafute wengine kumi na wanne miongoni mwa hao mnaotaka kuwachezea, na hapo ndipo mtakuwa na onyesho.

Wanapatikanaje? Si kwa kuuliza "nani ana kipaji?" Swali hilo linawafanya watu waangalie chini. Ulizeni "nani hapa anajua wimbo wa kutwanga?", "nani anajua kuiga sauti ya mnada wa mbuzi?", "nani kwenu alikuwa akisumbua kwa vitendawili?" Nimepata kumpata mzee wa Masisi aliyeweza kupiga mluzi wa aina saba, kila mmoja wa kuita ng'ombe kwa shughuli yake. Alisimama dakika tano. Hakuwa na ng'ombe hata mmoja tena. Sijaona ukumbi ukitulia vile.

Vichekesho ndivyo vitakavyowapa taabu zaidi, hivyo nitakaa hapo kidogo. Msiandike. Najua mnafundishwa shuleni kwamba mchezo huanza na karatasi, lakini ninyi mna urithi ulio bora zaidi, wa Lubumbashi. Kundi la Mufwankolo, lililowachekesha watu wa Katanga kwa miaka mingi redioni na kwenye televisheni, halikuwa na maneno yaliyoandikwa. Waigizaji walikaa wakajadili jambo, wakakubaliana nani ni nani, nini kinatokea kwanza na nini baadaye, kisha kila mmoja akajitafutia maneno yake papo hapo, kwa Kiswahili kilekile cha mtaani kwao. Ndiyo maana watu walicheka: hakuna aliyesikia lugha ya kitabu. Fanyeni hivyohivyo. Chagueni shida moja ambayo kila mtu aliyekaa pale aliipata wiki hii. Foleni ya maji. Bei ya makala ya kupikia, yaani makaa. Simu inayoita halafu unaambiwa "nitumie uniti". Kubalianeni hatua nne, si zaidi, na mwisho wake. Rudieni mara tatu tu. Mara ya nne kichekesho huanza kuoza. Waigizaji wanangoja kicheko cha jana.

Kuna shida moja mtaitaka sana nanyi mtaiogopa: mgeni aliyekuja kwa siku tatu akakaa mwaka. Goma nzima ina kichekesho hicho, kila nyumba. Kinachekesha na kinaumiza, kwa sababu mwenye nyumba amechoka na mgeni anajua. Mimi nakiruhusu kwa sharti moja. Aliyepokea wageni aigize mgeni, na mdeplase aigize mwenye nyumba. Mdeplase apewe funguo, akunje uso, ahesabu vijiko vya sukari, aulize kwa upole "kwenu kumetulia sasa, si ndiyo?" Na yule mwenye nyumba wa kweli aketi kwenye ukingo wa kiti akisema hana njaa. Tulijaribu hivyo hapa Nyawera, mwanzoni kwa woga. Mwigizaji wetu mmoja, mwanamke ambaye alikuwa amewapokea watu tisa kwake, alishindwa kuendelea kwa kucheka, akaketi chini jukwaani. Wenye nyumba walikuwa wanajiona, wageni wanaona kwamba wameonekana, na hakuna aliyetajwa jina. Mkibadilisha majukumu, hamwezi kumdhihaki mtu bila kujidhihaki wenyewe. Msipoyabadilisha, kiacheni kabisa kichekesho hicho.

Yako mambo ambayo siwaruhusu hata kwa sharti. Msiigize mauaji, msiigize kubakwa, hata kama mna nia njema na hata kama mmoja wenu anasema yalimpata na yuko tayari. Msimwite mtu mbele aeleze yaliyompata. Anayetaka kueleza atawatafuta baadaye, pembeni, na hapo asikilizwe na mtu mzima mmoja aliyetulia anayejua ni zahanati gani ya karibu ina mshauri. Msivae nguo yoyote inayofanana na ya jeshi, la upande wowote. Msitaje chama, kiongozi, wala kabila, hata kwa mafumbo. Fumbo mnalodhani ni la werevu kuna mtu atalielewa vingine, naye hatacheka. Na msiwe na bunduki ya mti.

Na msiwe na baloni. Mnacheka? Miaka kadhaa iliyopita tulipamba ukumbi wa shule kwa baloni za rangi, kazi nzuri ya masista. Katikati ya shairi moja ikapasuka. Watu mia na zaidi wakawa chini kwa mara moja, watoto chini ya mabenchi, mimi mwenyewe nikajikuta nimekumbatia mguu wa meza. Halafu kimya. Halafu bibi mmoja akasema kutoka sakafuni, "Ni mupira tu, muinuke, mutachafua nguo." Tulicheka robo saa nzima, lakini wapo watoto wawili ambao hawakuinuka, na ilibidi mama zao wawachukue nje. Tangu siku hiyo nakagua kila kitu kinachoweza kulia ghafla: mlango wa bati unaopigwa na upepo, pikipiki inayopiga risasi za moshi, hata sinia linaloweza kuanguka. Mwambieni mwenye pikipiki azime mbali.

Vibali msivipuuze. Mwende kwa shefu wa avenyu, kisha shefu wa kartye, yaani mtaa mzima, mwandike barua fupi inayosema ni akina nani, wapi, saa ngapi hadi saa ngapi, na kwamba hakuna hotuba. Mpeleke nakala kwa padri au mchungaji anayetoa mahali. Mweke karatasi yenye mhuri mfukoni mwa mtu mmoja mzima, si kijana, atakayeketi karibu na mlango. Tangazo lifanyike kwa midomo, kanisani na sokoni, siku mbili kabla. Msibandike karatasi ukutani wiki nzima wala msitangaze kwenye makundi ya WhatsApp. Mnataka watu wa mtaa, na wengine hamjui nani. Picha za nyuso za watu zisipigwe. Najua itawauma, mna simu nzuri na mnataka kumbukumbu. Piga picha ya mikono, ya ngoma, ya viatu mlangoni.

Saa. Ninyi mmesema alasiri, na mko sawa. Msikubali mtu yeyote awashawishi usiku. Vita hubadilisha saa za burudani popote. London, mpiga piano Myra Hess alipoanzisha maonyesho ya muziki katika jumba la picha la taifa mnamo Oktoba 1939, picha zikiwa zimehamishwa zifichwe mbali, aliyaweka wakati wa chakula cha mchana, kwa kuwa usiku mji ulikuwa giza kwa amri. Mabomu yalipozidi wakahamia chini, wakaendelea. Hadi Aprili 1946 yalifikia 1,698. Kwenu anzeni saa nane na nusu, mmalize saa kumi kamili. Saa moja na nusu inatosha. Atokaye mbali awe amefika kwake jua likiwa bado juu, na mama awashe moto wake wa jioni. Wakati wowote mtakaposikia jambo lisiloeleweka mjini, ahirisheni bila aibu. Tamasha la Amani lenyewe, hilo kubwa la hapo Goma, lilipangwa kuanza 2013, vita vikalisukuma hadi Februari 2014, na likafanyika.

Mahali: ua wa shule au wa kanisa, wenye njia mbili za kutokea. Chini ya paa la bati ni hatari, mvua ikinyesha hamtasikika hata mkipiga kelele, na kwenu mvua haiombi ruhusa. Kwaya isimame ikiwa na ukuta nyuma yake, sauti irudi kwa watu. Na ardhi yenu ni mawe ya Nyiragongo, ule mlima wa moto! Nimeona wacheza ngoma wakitoka Bukavu kwenda Goma na miguu mitupu, wakarudi na vidonda. Tandikeni shitingi mbili, yaani maturubai, moja juu ya nyingine, na mikeka juu. Mabenchi mtaazima, na mwenye chukudu mmoja, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, atayabeba yote kwa safari tatu kama mtamwambia ataketi mbele.

Umeme sahauni. Bafle zinakula jenereta, jenereta inakula pesa, na kelele yake inafunika mashairi. Mna bidoni za njano, yale madumu ya maji. Tupu, ukiipiga ubavuni kwa kiganja, inatoa sauti nzito. Mimina maji robo, sauti inabadilika. Piga mdomo wake kwa kandambili, unapata besi ambayo watoto wataililia. Bidoni tano na mtu mwenye sikio zinatosha kwa kwaya nzima. Wale maskauti watatu wapeni kazi hiyo. Na waambieni kwamba maonyesho ya mchanganyiko ya skauti yalianzia London mwaka 1932, Ralph Reader alipowakusanya vijana waimbe na kuchekesha ili kupata pesa za bwawa la kuogelea la kambi yao. Vita vilipokuja aliupeleka mtindo huohuo katika jeshi la anga, na mmoja wa vijana waliopita humo, Peter Sellers, baadaye dunia nzima ikamjua kwenye sinema. Jina la Reader mwenyewe halikuandikwa katika ratiba ya lile onyesho la kwanza. Nanyi msiandike majina. Hakuna nyota wa mtaa mwaka huu.

Mpangilio wa vipande ni ufundi wangu, kwa hiyo mniruhusu niwe mkali. Msifungue na kilicho bora. Fungueni na wimbo ambao kila mtu anaujua, wa kanisa au wa shule, ili sauti ya kwanza kusikika iwe ya watu wenyewe waliokaa. Cha pili kiwe dhaifu kuliko vyote, mnakijua ni kipi, maana watu bado wanatafuta mahali pa kuketi. Cha tatu kiwe kichekesho. Kisha ngoma, kisha shairi fupi. Kitu cha huzuni, kama kipo, na mimi napenda kiwepo, mkiweke baada ya theluthi mbili, kiwe kimoja, kifuatwe na wimbo wa taratibu na si kichekesho. Mkiruka kutoka machozi hadi mzaha mnawatukana waliolia. Hakuna kipande cha zaidi ya dakika nne, isipokuwa vichekesho, dakika nane. Mzee wa miluzi nilimpa tano, na alistahili. Mshereheshaji asiwe yule kijana anayependa mikro. Awe mama wa miaka hamsini anayewajua watu kwa majina ya watoto wao, aongee kidogo, na awe na ruhusa ya kumkata mtu yeyote, pamoja na padri.

Mazoezi yawe mafupi. Mwandishi Mmarekani Susan Sontag alikwenda kuongoza mchezo Sarajevo mwaka 1993, mji ukiwa umezingirwa, waigizaji wake wakifika wamechoka kwa kubeba maji hadi wakawa wanajilaza chini kila wasipokuwa na zamu ya kusema. Walicheza kwa mishumaa. Ninyi pia mnabeba maji. Fanyeni mazoezi baada ya saa za bomba, saa moja, mara tatu kwa wiki, kwa wiki tatu. Anayesinzia aachwe asinzie.

Mavazi yatajileta. Mwaka 1941 pale kasri la Windsor, binti wa mfalme Elizabeth, miaka kumi na mitano, na mdogo wake Margaret, kumi na mmoja, waliigiza mchezo wa Krismasi, hadithi ya Cinderella, pamoja na watoto wa shule ya jirani na watoto waliohamishwa kutoka mijini. Picha kubwa za ukumbi zilikuwa zimetolewa kwa hofu ya mabomu, zimebaki fremu tupu, wakazijaza michoro ya karatasi ya watu wa ngano. Walirudia kila Krismasi hadi 1944, na pesa za watazamaji zikanunua sufu ya kufuma nguo za askari. Kwenu kiingilio kisiwepo. Tangu benki zifungwe mwaka 2025 hata mwenye mshahara hana mshahara. Wekeni beseni mlangoni wakati wa kutoka: kikombe cha maharagi, kipande cha sabuni, anayeweza. Kabla watu hawajatawanyika, mama mshereheshaji aseme kwa sauti beseni lina nini na linakwenda nyumba gani, na liondoke hapo hapo kwa chukudu, watu wakiona. Beseni likilala usiku mmoja kwa mtu, mwezi ujao hamtakuwa na watazamaji.

Watoto wasiachwe wawe kelele ya pembeni. Wapeni kazi ya kufungua na kufunga kila kipande, kwa mdundo mmoja wa bidoni. Kumi watagombana nani apige. Waacheni wapange zamu wenyewe.

Na huyo baba. Mkishazunguka mtaa, mkajua palipo na kilio na pasipo, rudini kwake na orodha hiyo mkononi, mumsomee. Hajui yote, nakuhakikishia. Mtakuwa mmetembelea nyumba ambazo yeye hajafika. Mwulizeni yeye achague siku. Akisema Jumatatu, iwe Jumatatu. Halafu, kwa kuwa wanaume wa rika lake hapo Goma wengi walipitia kwaya, mwulizeni kama bado anaimba besi.